Touki Bouki (1973): penzi la watu wanaotaka kuondoka

Ukiitafuta filamu hii ya mwongozaji Msenegali Djibril Diop Mambéty, chukua nakala iliyokarabatiwa mwaka 2008 kule Cineteca di Bologna, hifadhi ya filamu nchini Italia. Zile chakavu zinaua rangi, na humu rangi ndiyo nusu ya habari: vumbi la Dakar, bluu ya bahari, wekundu wa damu. Damu ipo kweli. Mwanzoni tu tunaingizwa machinjioni, na ng'ombe wanachinjwa mbele ya kamera. Asiyestahimili asogeze mbele, ila ajue picha za kuchinja zitarudi.

Kisa ni chepesi. Mory, mchunga ng'ombe mwenye pikipiki iliyofungwa fuvu na pembe za ng'ombe, na Anta, mwanafunzi wa chuo kikuu anayevaa kiume, wanataka kupanda meli waende Ufaransa. Nauli hawana, basi wanaiba.

Uzito uko kwenye penzi lao, ambalo halielezwi kwa maneno. Pale juu ya majabali, wanapofanya mapenzi, Mambéty haonyeshi miili. Anaonyesha mkono wa Anta umekamata msalaba wa Kidogon (alama ya Wadogon, kabila la Mali) nyuma ya pikipiki, mawimbi yanapiga, pumzi inasikika. Kwingineko wanazungumzia pesa na safari. Ondoa Paris katikati yao, sijui kama kinabaki kitu, na filamu inalijua hilo mapema kuliko wao.

Wengi hupotea njiani kwa sababu ndoto na uhalisia vimeunganishwa bila alama yoyote. Msafara wa magari wa kuwashangilia unaingia ghafla, na hakuna anayekuambia ni njozi. Fuata sauti. Wimbo wa Josephine Baker, mwimbaji mzaliwa wa Marekani aliyevuma Ufaransa, unaoitaja Paris ukianza, mara nyingi uko ndani ya tamaa zao, si mtaani. Sauti nyingine hazilingani na picha kabisa, na ni makusudi, usihangaike na spika. Lugha ni Kiwolofu na Kifaransa, kwa hiyo hakikisha nakala yako ina tafsiri ya maandishi.

Sehemu ya Charlie, tajiri wanayemwibia nguo na gari, ndiyo dhaifu: imevutwa, na Charlie mwenyewe amegeuzwa kikaragosi. Bandarini filamu inarudi kwenye makali yake.

Mati Diop, mwongozaji na mpwa wa Mambéty, alimrudia mwigizaji wa Mory, Magaye Niang, katika filamu yake Mille Soleils (2013). Hiyo itazame baadaye, maana inafichua mwisho.