TAHADHARI: "Chumba cha familia, maporomoko hatua chache"

Wazazi wenzangu mnaopanga kuwapeleka watoto kuona maporomoko likizo hii, someni kwanza kabla hamjatuma pesa.

Tulilipia hoteli siku mbili, zote mapema. Tangazo lilisema chumba cha familia, vitanda vitatu, dirisha linatazama maji. Tumefika usiku, mdogo kalala begani, mhudumu wa mapokezi anatuambia chumba chetu "kina matengenezo", tupelekwe jengo la nyuma. Hilo jengo halimo kwenye picha hata moja. Ndani vitanda viwili, na nyuma ya mlango godoro la sponji limeegemezwa ukutani, lina doa la maji kubwa kama ramani. Shuka mbili, watu watano! Nikauliza hiki ndicho chumba cha familia? Nikajibiwa ndiyo, maana familia inaruhusiwa kulala humo.

Yule mdogo alipoamka akasikia ngurumo dirishani, akafurahi. Nikamwambia ndiyo maporomoko hayo, kesho tutayaona. Saa tano usiku ngurumo ikakatika na taa zikazimika papo hapo. Kumbe jenereta.

Zile "hatua chache" ni nusu saa kwa gari, na gari ni lao, unalilipia pembeni. Kisha ikaja "ada ya huduma" kwa kila kichwa, hadi mtoto wa kubebwa, ambayo wakati wa kulipa haikutajwa popote. Nikadai pesa ya usiku wa pili, wakanionyesha maandishi madogo: malipo hayarudishwi. Hapo nakubali nilijiponza. Bei nafuu niliichagua mwenyewe, masharti yake sikuyasoma.

Jina lao siliandiki, kwa sababu bango hubadilishwa kwa siku moja. Shikeni mbinu zao. Msiangalie picha za mwenye hoteli, tafuteni zilizopigwa na wageni, na maoni ya karibuni ya nyota mbili au tatu. Huko ndiko watu wanakotaja bomba lisilotoa maji. Umbali pimeni wenyewe kwenye ramani, kwa kufuata barabara, hadi lango la kuingilia. Mto ni mrefu, na hoteli inaweza kuwa "kando ya mto" huku maporomoko yako mbali kabisa. Waandikieni wawajibu kwa maandishi: vitanda vingapi, jengo lipi, ada gani zinabaki kulipwa mkifika. Anayetaka pesa yote itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, mwacheni. Ukilipa kwa kadi, angalau una benki ya kupelekea malalamiko, ila utahitaji ushahidi.

Kwa hiyo pigeni picha mlango ukifunguliwa tu, kabla ya kushusha begi. Sisi tulikumbuka asubuhi, watoto wameshalala humo, na meneja akatukazia macho akisema lile doa la godoro ni la kikojozi wetu.