Valvu ya moyo ya tishu imechakaa: ya pili iwe ya chuma au tishu tena?

Valvu ya tishu, yaani iliyotengenezwa kwa tishu ya mnyama, mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15. Kwa kijana huchakaa mapema zaidi. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, maana makovu huwa yameugandisha moyo kwenye mfupa wa kidari.

Valvu ya chuma (ingawa nyingi ni za kaboni) inaweza kudumu maisha yote. Gharama yake ni warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kila siku na kupima INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) mara kwa mara. Hapo umbali unahesabika: wa Nyamagana anapanda daladala hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anasubiri feri. Damu ikiganda upesi mno, bonge hukwamisha valvu. Ikiwa nyepesi mno, inaweza kuvuja hata ubongoni. Mchicha una vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini; haukatazwi, ila usile sufuria nzima leo kisha wiki nzima usiuguse. Diklofenaki (dawa ya maumivu) ya kujinunulia ni hatari kwa anayemeza warfarini. Warfarini pia inaweza kudhuru mimba.

Tishu, ya ng'ombe au nguruwe (Mwislamu aulize mapema), kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu kama mapigo ya moyo yako sawa. Lakini itachakaa tena.

Kwa mzee wa miaka 70 ningechagua tishu. Kwa binti wa miaka 25 anayetaka watoto, tishu pia, akijua upasuaji wa tatu unamsubiri. Mvuvi wa miaka 40 anayeweza kupima bila kukosa, chuma. Yule anayekaa dago (kambi ya wavuvi) miezi mitatu bila kugusa kliniki, chuma chake kinanitisha kuliko kisu.