Seva ya kwanza ya tovuti: ukodi yenye uwezo gani, uweke Linux ipi

Linux, mfumo endeshi wa seva, yenyewe hailipiwi. Unachokodi kila mwezi ni kumbukumbu (RAM), diski na anwani ya IP, kwa hiyo hapo ndipo pa kuangalia hela yako.

Kwa tovuti moja ya WordPress inayotumia nginx (inayopokea wasomaji), PHP (lugha ya WordPress) na MariaDB (hifadhidata), chukua kumbukumbu ya GB 2. Vifurushi vya MB 512 vina bei ya kuvutia, lakini wasomaji wakijaa kumbukumbu inaisha, Linux inachagua programu inayokula zaidi na kuiua. Mara nyingi ni hifadhidata. Tovuti inalalamika kwamba haiwezi kuunganishwa na hifadhidata, nawe unahangaika na nenosiri lisilo na kosa lolote. Chapa dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa mfumo, ukiona "Out of memory", umepata jibu.

Kama mfuko unaruhusu GB 1 tu, tenga swapu (sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu) ya GB 2 ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa seva:

fallocate -l 2G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Kisha ongeza mstari huu kwenye faili la /etc/fstab, la sivyo seva ikizimwa na kuwashwa swapu haitarudi:

/swapfile none swap sw 0 0

Sasa mfumo wenyewe.

Wa kwanza ni Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Ni nyepesi, haikubadilikii ovyo, na marekebisho ya usalama yanafika 2030.

Wa pili ni Ubuntu Server 24.04 LTS, yenye masasisho hadi 2029. Ina maelekezo mengi zaidi mtandaoni, na kwa anayeanza hilo si dogo. Angalia tu herufi LTS, yaani toleo la kuhudumiwa muda mrefu: toleo lisilo nazo, kama 25.10, linahudumiwa miezi 9 basi.

Wa tatu ni AlmaLinux 9, hadi 2032. Inafaa hasa ukihitaji cPanel, paneli ya kusimamia seva kupitia kivinjari. Kinachowasumbua wengi ni SELinux, ulinzi wa ndani unaozuia programu kufanya zisichoruhusiwa: nginx ikipeleka maombi kwa programu iliyo kwenye bandari 3000, unapata kosa la 502, yaani nginx imeshindwa kuifikia programu hiyo. Tafadhali usiizime SELinux. Amri moja inatosha:

setsebool -P httpd_can_network_connect 1

CentOS 7, Linux nyingine ya zamani, usiiguse, hata ukiikuta kwenye orodha ya muuzaji. Masasisho yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024.

Kabla hujalipa, uliza mambo mawili: je, bei inajumuisha anwani ya IPv4, na je, kuna konsoli ya kuingilia seva kupitia kivinjari? Hiyo konsoli utaihitaji siku utakapojifungia nje, na kwa kawaida hutokea siku ya kwanza, mtu anapowasha ngome (firewall) bila kuruhusu SSH, njia ya kuingia seva kwa amri kutoka mbali. Mpangilio salama, kwa Debian na Ubuntu, ni huu:

apt install ufw
ufw allow 22/tcp
ufw allow 80,443/tcp
ufw enable

Usifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili, ujaribu kuingia kwa SSH. Likikukatalia, chapa ufw disable kwenye lile la kwanza.