Shilingi ya Kenya Inapopanda: Mfanyakazi wa Riyadh na Mhudumu wa Simu wa Nairobi

Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya, lakini Serikali ilipouza hatifungani mpya (hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji) ya dola bilioni 1.5 mwezi Februari na hofu ya kushindwa kulipa deni la nje lililotakiwa kulipwa Juni ikapungua, shilingi ilipanda thamani na kiwango kikashuka hadi karibu 130 kwa dola.

Mfanyakazi wa nyumbani aliyeko Riyadh huguswa papo hapo, kwa kuwa riali ya Saudia imefungamanishwa na dola kwa kiwango cha 3.75. Tuseme hutuma riali 1,125 kila mwezi: zilizofika kwa mama yake kama shilingi 48,000 sasa zinafika kama 39,000, ilhali karo ya wadogo zake haijapungua hata senti. Kazi yake, hata hivyo, haitikisiki, kwani gharama ya mwajiri ni ileile.

Kwa mhudumu wa kituo cha simu jijini Nairobi, anayewahudumia wateja wa Marekani, mambo ni kinyume. Mshahara wake wa shilingi 40,000 haubadiliki, lakini kampuni inayolipwa kwa dola, iliyohitaji dola 250 kuupata, sasa inahitaji takriban 308, na mteja wa Marekani anayeilipa anaweza kuuhamishia mkataba wake Manila, Ufilipino. Naiona hatari hii kuwa nzito zaidi. Aliyeko Riyadh anaweza kuahirisha ujenzi au kuweka riali zake akisubiri. Mhudumu huyu hana cha kuahirisha, na uamuzi unafanywa na watu asiowafahamu.