Laptopu iliyokarabatiwa au kusubiri mpya? Chaguo tano za Kampala, kwa mpangilio wangu

Kila mwezi wa nane, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, swali ni lile lile kwenye kibanda changu cha kuchapa hapa Wandegeya. Mwanafunzi anaingia ameshika simu, ananionyesha picha ya laptopu ya HP ya rangi ya fedha, bei imeandikwa chini yake. "Dada, hii ni UK used, yaani imetumika Uingereza. Niichukue, au nivumilie mpaka mpya za mwaka huu zifike?" Nimewasindikiza wengi hadi madukani mjini, na mpangilio ninaoutoa hapa unatokana na mashine nilizoziona zikidumu, na zile nilizoziona zikirudi kwa fundi kila baada ya wiki mbili.

Kabla ya bei, kuna namba moja ya kuangalia: kizazi cha prosesa, yaani toleo la ile chipu inayofanya kazi ya ubongo wa mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo unaoendesha laptopu nyingi za zamani. Mashine zake bado zinawaka, ila masasisho ya kawaida ya usalama yamekwisha, na hata ule muda wa nyongeza waliopewa watumiaji wa nyumbani unaishia tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Ofisi za Ulaya zenye mashine za kizazi cha sita na cha saba haziwezi kuzipandisha, kwa hiyo zinaziondoa, na mashine zinazoondolewa huko ndizo zinazolisha masoko kama letu. Ukiona bei imeshuka ghafla, shuku kwanza kwamba ni hizo.

Kuisoma namba si kazi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, utaona jina la prosesa. i5-7300U ni kizazi cha saba. i5-8350U ni cha nane. i5-10310U ni cha kumi. i5-1145G7 huwapoteza wengi: hiyo ni ya kizazi cha 11, ingawa ina tarakimu nne tu kabla ya herufi G. Usitosheke na jina la modeli. HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480 nyingi zina kizazi cha nane, lakini zipo zilizotoka kiwandani na cha saba, umbo lile lile, stika ile ile. Wala usishawishike kwa kuwa Windows 11 inawaka mbele ya macho yako. Mafundi wanajua kuiingiza kwa nguvu kwenye mashine ya zamani, na Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

1. Laptopu ya ofisi iliyokarabatiwa, kizazi cha nane hadi cha 11

Hii ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeandika, anayesoma, anayefanya hesabu za duka au kuandaa tasnifu. Nazungumzia EliteBook 840 G5 na G6, Dell Latitude 7490, ThinkPad T480. Zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni zinazowapa wafanyakazi mashine kwa miaka mitatu hivi kisha kuzibadilisha, kwa hiyo bawaba ni za chuma, kibodi inastahimili, na kifuniko cha chini kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Fundi anaweza kuongeza RAM (kumbukumbu ya kazi), kubadilisha SSD (diski ya kasi isiyozunguka), kuweka betri nyingine. Kwa mji wetu wenye vumbi na safari za boda, hilo ni jambo kubwa kuliko wembamba.

T480 ina kitu ninachokipenda sana: betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayochomoka. Umeme ukikatika katikati ya kazi unachomoa ile ya nyuma iliyokwisha, unapachika nyingine iliyojaa, na barua uliyokuwa ukiiandika bado iko pale pale, kwa sababu ile ya ndani imeshikilia. Zote nilizozitaja hapo juu zinakubali pia kuchajiwa kwa USB-C, kwa hiyo pauabenki yenye nguvu ya kutosha inaweza kukuokoa usiku mmoja.

Taka RAM ya GB 16, au GB 8 yenye nafasi ya kuongeza. Taka SSD. Ukiambiwa "ina terabaiti moja" uliza ni diski ya aina gani, maana diski ya zamani inayozunguka itaifanya hata prosesa nzuri ijikokote.

2. MacBook Air ya M1 iliyotumika

Ilitoka Novemba 2020 ikiwa na M1, chipu ya Apple yenyewe, na bado inakimbia. Haina feni, kwa hiyo iko kimya kabisa, na betri yake hudumu muda mrefu. Kwa anayehariri video au picha naiweka juu ya zote. Tatizo ni kwamba RAM na hifadhi vimeunganishwa moja kwa moja. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho, na ikiharibika bili yake si ya mafundi wa kando ya barabara. Kuhusu MacBook za Intel, ziache. Apple imesema macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kuzikubali, na wauzaji wengi hawatakuambia.

3. Mpya ya bei ya kati, lakini ya mwaka uliopita

Prosesa ya Core i5 (ya Intel) au Ryzen 5 (ya AMD), RAM ya GB 16, SSD ya GB 512. Ni mashine nzuri, ina waranti ya kiwanda na betri isiyoguswa. Kama ofisi ndiyo inayolipa na inahitaji waranti, chukua. Kama fedha ni zako na kazi yako ni Word na intaneti, unalipia uwezo ambao hutautumia.

4. Kizazi cha sita au cha saba

Kwa mtoto anayejifunza kuchapa, au kwa aliye tayari kuweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows. Bei iwe ndogo kweli kweli. Usifanyie benki humo ikiwa bado ina Windows 10.

5. Mpya ya bei rahisi: Celeron, GB 4, hifadhi ya GB 64

Naiweka mwisho kabisa, chini hata ya mashine iliyotumika miaka minane, na najua wazazi watashangaa. Mama mmoja alikuja na binti yake wakiwa wamebeba sanduku jipya, plastiki bado iko juu ya kifuniko. Ndani mlikuwa na Celeron N4020, prosesa ya viini viwili, na hifadhi ya GB 64, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 yenyewe inakihitaji. Binti aliweka Word, akafungua kivinjari, sasisho la kwanza likaja, na nafasi ikaisha. Tulikaa pale tukitazama duara likizunguka huku mama akiwa ameshika risiti kwa mikono miwili. Kwa fedha ile ile wangepata EliteBook yenye prosesa ya viini vinne na SSD ya GB 256. Upya ule ulikuwa wa sanduku tu, na inauma kuona jasho la mzazi likiishia hapo.

Sasa, ni nani anayepaswa kusubiri? Watu wachache. Kila Januari, kwenye maonyesho ya CES huko Las Vegas, Intel na AMD huonyesha chipu zao za mwaka, na laptopu zenye chipu hizo hutoka miezi inayofuata. Zinapofika Kampala huwa kwenye bei yao ya juu kabisa. Anayesubiri kwa akili hangojei hizo; anangojea ile ya mwaka jana iteremke zikifika. Hapo zamani ningesema mpango huo una uhakika. Lakini mwishoni mwa 2025 bei za chipu za RAM zilipanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinazielekeza kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba mwaka huo Micron, mtengenezaji wa RAM, ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo watu wengi waliongezea RAM zao kwa miaka. Mpya yenye GB 16 haina sababu ya kuwa rahisi hivi karibuni. Iliyokarabatiwa ambayo tayari ina GB 16 ndani yake, hiyo ni nafuu iliyo mkononi.

Subiri ikiwa unayo mashine inayofanya kazi na kazi yako ni nzito kweli, kama michoro ya majengo au video ndefu. Mwingine yeyote apige hesabu ya anachopoteza. Mwanafunzi anayesubiri muhula mzima analipa kuchapiwa kila ukurasa, na usiku ambao angekuwa anasoma anapanga foleni kwangu. Fedha hizo zinaingia kwenye droo yangu, na bado nasema: usisubiri. Kama unaweza kuchagua mwezi, nunua wa sita, kabla mji haujajaa wanafunzi wapya wanaotafuta kitu kile kile.

Kuhusu siku ya kununua, nina kisa changu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilinunua EliteBook kwenye duka moja mjini, safi kama yai. Muuzaji aliiwasha, Windows ikafunguka, nikalipa. Nyumbani niliamua kuifuta yote nianze upya. Nilipoiunganisha na Wi-Fi, kioo kilinikaribisha kwa jina la kampuni moja ya Ulaya na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza. Niliirudisha, wakasema dhamana haihusu programu. Ilinichukua wiki tatu za kwenda na kurudi kupata nyingine.

Tangu hapo, hatoki mtu dukani nami bila mambo haya. Mashine ifutwe na kuanzishwa upya mbele yetu, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yangu. Muuzaji akikataa, "Webale ssebo," asante bwana, tunaondoka. MacBook vivyo hivyo, maana nayo inaweza kuwa imefungwa na akaunti ya mtu au ya kampuni. Kisha tunazima na kuwasha tukiingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijafunguka, kuhakikisha hakuna nywila ya msimamizi. Baada ya hapo tunaandika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri na kulinganisha namba mbili: uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na uwezo wake leo. Betri ya 840 G5 ilianza na takriban mWh 50,000. Ikisoma 31,000, dai betri nyingine au punguzo la kuinunulia.

Bonyeza kila kitufe. Mashine zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, zilizotoka Ufaransa zina A mahali pa Q, na stika zilizobandikwa juu hubanduka ndani ya miezi michache. Fungua kifuniko nusu na ukiachie: kikianguka, bawaba imechoka. Tazama kioo kikiwa cheupe chote, kisha cheusi chote.

Angalia chaja pia. Ikiwa na plagi ya pini mbili za mviringo usikubali adapta; omba wabadilishe waya wenyewe uwe wa pini tatu za mraba, ambao ni wa bei ndogo, kwa sababu adapta zilizolegea hutoa cheche na nimeona moja ikiyeyusha soketi. Risiti iandikwe namba ya mashine iliyoko chini ya kifuniko, pamoja na siku za kurudisha kwa maneno ya wazi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, ili kukiwa na tatizo uwe na mchana mzima wa kurudi.