Tofali bichi au la kuchoma? Fundi wa Mesopotamia alivyochagua

Kusini mwa Mesopotamia, nchi ya kale ilipo Iraki ya leo, mawe ni adimu, na mbao nzuri zililetwa kutoka mbali. Kilichojaa ni udongo wa mto.

Tofali bichi lilitaka tope, majani makavu yaliyokatwakatwa ili lisipasuke, kalibu ya mbao, na jua. Kuni, hata kijiti kimoja, hazikuhitajika. Ukuta wake mnene huchelewa kupata moto, na kwa joto la kule hilo si jambo dogo. Adui yake ni maji: mvua huulamba kutoka juu, unyevu wa ardhini huula kutoka chini, kwa hiyo ilibidi kusiriba upya mara kwa mara.

La kuchoma halijali mvua, ila tanuri lina njaa ya kuni. Ndiyo maana lilitumika hasa kwa mahekalu, majumba ya kifalme na mifereji.

Kwangu mimi, werevu mkubwa uko kwenye mji wa kale wa Ur, kwenye zigurati (mnara wa hekalu wenye ngazi ngazi) iliyoanzishwa na mfalme Ur-Nammu karne ya 21 KK. Kiini chake ni tofali bichi. Ganda la nje ni la kuchoma, likiunganishwa kwa lami ya asili. Wakaacha na vitundu ukutani ili unyevu wa ndani upate pa kutokea.

Babeli, mji wa mfalme Nebukadreza II, ilitumia tofali za kuchoma kwa wingi, nyingi zikiwa na muhuri wa jina lake. Uimara huo ukaiponza: watu wa baadaye walizichimbua wakajengea nyumba zao, pamoja na mji jirani wa Hilla.