Uzoefu wangu: nilifundishwa kuweka kanula kupitia simu, kisha nikaandikiwa "ameweza"

Hasira zangu zote ziko kwenye kipindi kimoja cha kozi ya mtandaoni ya chuo changu cha uuguzi, kile cha kuweka kanula, yaani ule mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa kwa sindano iliyo ndani yake, ili kupitishia dawa au maji. Anayetaka kujua kozi ilikuwa na moduli ngapi au programu yao inataka simu ya aina gani, hayo wameyatangaza wenyewe. Mimi nataka kusema walichonifanyia.

Ilikuwa miezi ile ya korona, baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza janga Machi 2020. Vyuo vilifungwa na wodi zikatufungia milango sisi wanafunzi wa uuguzi. Hilo sikulilaumu hata siku moja. Barakoa na glavu zilikuwa haziwatoshi wenye zamu zao, nani angemgawia mwanafunzi? Chuo kikatuarifu kwamba nadharia na vitendo vyote vinahamia mtandaoni. Nadharia nikaelewa. Tulipouliza kuhusu vitendo tukaambiwa tuondoe hofu, kila kitu kimeandaliwa.

Siku ya kanula mkufunzi aliweka kamera mbele ya mkono wa plastiki wa mafunzo, akaanza kueleza. Na alieleza vizuri, hilo simnyimi. Funga mpira juu ya kiwiko. Tafuta mshipa kwa kidole. Safisha kwa spiriti, uache pakauke penyewe. Vuta ngozi kwa chini ili mshipa usikimbie. Ingiza sindano ule mdomo wake uliokatwa mshazari ukitazama juu, na ukiona damu imerudi kwenye chemba, kile kijisehemu angavu nyuma ya sindano, laza sindano zaidi, sogeza kidogo tu, halafu telezesha kanula peke yake huku sindano umeituliza. Fungua mpira, bana mshipa mbele ya ncha ya kanula, toa sindano, iende moja kwa moja kwenye sanduku la usalama. Hatua hizo ninazo kichwani mpaka leo.

Tatizo ni kwamba alipofika pale pa kulaza sindano, kiganja chake kiliziba kamera. Pale ndipo kanula nyingi zinapoharibikia, na darasa zima liliona mgongo wa mkono wa mwalimu. Nikafungua maiki, nikasema, "Samahani mwalimu, naomba urudie hapo ukiwa umegeuza kamera, na utuambie vidole vinahisi nini sindano inapoingia kwenye mshipa."

Akanijibu, "Hilo utalijua ukifika wodini. Tusipotezeane muda."

Nikaanza kumwambia kwamba wodini kutakuwa na mgonjwa. Sikumaliza sentensi. Alama ya maiki yangu ikageuka nyekundu, amenizima. Nikabonyeza nijifungulie, pakatokea maandishi kwamba mwendeshaji wa kipindi haruhusu. Nikainua kile kialama cha mkono cha kuomba nafasi, kikakaa pale juu mpaka kipindi kinaisha, na anakiona.

Nasisitiza hili kwa sababu swali lile ndilo somo lenyewe. Mshipa hautafutwi kwa macho, unatafutwa kwa kidole. Ukiubonyeza mshipa mzuri unanesa na kurudi. Kano iko ngumu tu, hainesi. Ateri, ule mshipa unaotoa damu kwenye moyo, inadunda, na ukiisikia inadunda unaondoka hapo haraka. Kuna mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini, kuna mtoto mnene wa mikono, huoni kitu kabisa, una kidole chako tu. Kuna mzee ambaye mishipa yake imejichora wazi hadi unafurahi, kumbe ukiigusa inakimbia, ukiitoboa vibaya inapasuka. Na sindano inapopenya ukuta wa mshipa kuna kulegea kidogo sana ambako mkono unakusikia kabla jicho halijaona damu. Ukichelewa kukutambua ukaendelea kusukuma kwa pembe ileile, umetoboa na ukuta wa pili, mkono wa mtu unavimba mbele yako. Sasa mwanafunzi atayajuaje hayo kwa kutazama mgongo wa kiganja kwenye kioo cha simu?

Nisiwe mchoyo wa fadhila lakini. Kozi hiyohiyo ilikuwa na mkufunzi mwingine, mwalimu wa kunawa mikono na kupima presha, na yule mama alinifundisha kuliko nilivyowahi kufundishwa darasani. Kwa kunawa alituambia tupake rangi ya maji viganjani, tufumbe macho, tusugue kama tunavyosugua siku zote, halafu tuonyeshe mikono kwenye kamera. Darasa zima vidole gumba vilikuwa vyeupe, na ncha za vidole pia. Hakuna aliyebishana naye tena kuhusu zile sekunde 40 hadi 60 za kunawa kwa maji na sabuni. Akatutaka turudie, mmoja mmoja, na kila mmoja akamwita kwa jina na kumwangalia mpaka gumba likapata rangi.

Kwenye presha ndipo alipoifanya mashine ifanye kazi yake. Alitupigia sauti za mapigo kwenye spika za masikioni huku kamera imeelekezwa kwenye mshale wa mashine, hewa inashuka taratibu, milimita 2 hadi 3 za zebaki kwa sekunde. Kila mtu aliandika ni wapi amesikia pigo la kwanza na wapi sauti imepotea, kisha tukalinganisha. Darasani stethoskopu inakuwa kwenye masikio yako peke yako, mwalimu anakuamini tu ukisema umesikia. Hapa tulisikia pigo lilelile wote kwa pamoja, na aliyekosea alijulikana alikosea wapi. Nikawa naelekea kuipa kozi alama za juu, kusema kweli. Nilimwambia hata mwenzangu mmoja ajiandikishe.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mtandao haufundishi kitu. Sauti unapitisha. Mpangilio wa hatua unapitisha. Mwendo pia: tulipofanya kukandamiza kifua, kule kwa kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama, tukitumia mto, mkufunzi aliweza kabisa kuhesabu kama tuko kwenye 100 hadi 120 kwa dakika. Lakini kina cha sentimita 5 hadi 6 angekipimaje? Mto hauna mbavu. Unazama utakavyo, haukupi upinzani wa kifua cha mtu mzima, na baada ya dakika mbili hujui ule uchovu wa kweli unaomfanya mtu aanze kuegemea na kusahau kukiachia kifua kirudi juu. Vitu vya uzito na ukinzani havipiti kwenye kioo. Yule mama alilisema hilo waziwazi, akatuambia, "Hapa wanangu nimewapa nusu, nusu nyingine mnanidai." Ningeishia hapo ningewapa nyota nne na kuwashukuru kwa kuhangaika kipindi kigumu.

Kisha ukaja mtihani wa vitendo. Mtihani wa kanula ulikuwa kukaa mbele ya kamera na kuzitaja hatua kwa mdomo. Nikazitaja zote. Matokeo yalipotoka, kwenye kitabu changu cha vitendo, safu ya "amefanya chini ya usimamizi", pameandikwa "ameweza" na saini ya mkufunzi yuleyule aliyenizima maiki. Sikuwa nimeshika mkono wa plastiki, sembuse wa binadamu! Na darasa zima tuliandikiwa hivyohivyo. Walifunika kombe mwanaharamu apite.

Wasiniambie ilikuwa janga. Janga halikuwazuia kuandika "bado" na kuiacha safu ile wazi mpaka wodi zifunguliwe. Halikuwazuia kutuelekeza tushone kipande cha sifongo na mrija mwembamba ndani yake, angalau kidole kijue maana ya kubonyeza kitu kikakurudishia. Kugeuza kamera halikumzuia mtu yeyote. Nyota nne zile nazifuta. Kwa mwalimu wa presha ningetoa zote tano, lakini huwezi kumnunua yeye peke yake, unawapata wote wawili kwa ada moja.

Wodi zilipofunguliwa nilimfuata sista wa zamu nikamwambia, "Sista, kitabu changu kinasema nimeweza kanula. Sijawahi kuweka." Alikisoma, akanitazama, akaniambia nivae glavu. Tulimwomba ruhusa mgonjwa, mzee mmoja mpole, akatoa mkono. Sista alisimama nyuma yangu, akaweka vidole vyake juu ya vyangu, akanibonyezea pembeni kwanza nihisi kano, kisha akanihamisha kidogo nihisi mshipa. Sindano ilipoingia akanilaza kifundo cha mkono chini, kidogo mno, akasema, "Hapo." Ndilo jibu nililoliomba kwenye kipindi kile, na lilimchukua muda usiofika hata wa kuniambia tusipotezeane muda.

Kama bado wanasajili, na naona wanasajili, mtakaojiunga waulizeni jambo moja kabla ya kulipa: nani atakishika kidole changu, lini, na nisipokuwa nimeshikwa kitabu kitaandikwaje. Wakiwajibu kwa maandishi, jiungeni, kwa ajili ya yule mama wa presha tu inafaa. Wakiwazungusha, kimbieni. Mimi nimewaandikia chuo nikiomba lile neno "ameweza" likatwe kwenye kitabu changu na saini ya sista iwekwe mahali pake, kwa tarehe ya siku ile. Walinijibu kwamba matokeo yakishatolewa hayabadilishwi. Nimewaandikia tena.